Siku moja maishani mwangu: vipeo viwili, mishale miwili

Saa 2 asubuhi. Karatasi, penseli, na mswada wa kurasa 40 unaosubiri kukaguliwa kabla haujachapishwa. Wengi wakisikia neno "mwanahisabati" hudhani mtu anashinda akizidisha namba kubwa. Huku kwenye aljebra za grafu namba ni 0, 1 na 2, na siku nzima inaweza kuishia kwenye kuhakikisha mshale mmoja unaelekea upande gani.

Hadi saa 3 ni kusoma fasili tu. Grafu ni vipeo, yaani nukta, na mishale inayoviunganisha; aljebra yake ni kujumlisha na kuzidisha vipeo na mishale hiyo. Kila mshale e unapewa mwenzake e*, na kanuni ni chache: e*e ni kipeo ambako mshale unaishia, e*f ni 0 ikiwa mishale ni miwili tofauti, na kipeo kinachotoa mishale, mradi idadi yake ina kikomo, ni sawa na jumla ya ee* za mishale inayotoka hapo. Mwanahisabati Leavitt alishughulikia aljebra za namna hii mwaka 1962, mwenzake Cuntz akazifikia kwa njia ya waendeshaji (operata za kihisabati) mwaka 1977, bila grafu yoyote kuchorwa. Ukichora, ni kipeo kimoja chenye vitanzi kadhaa, yaani mishale inayorudi palepale ilipoanzia.

Swali la kwanza kwa mswada wowote: mwandishi anasoma mishale kuelekea wapi? Waandishi wengine hugeuza, e*e ikawa kipeo cha mwanzo. Mitindo yote miwili ni halali. Hatari ni kuanza na mmoja na kunukuu lema (dai dogo lililothibitishwa) iliyoandikwa kwa mwingine.

Saa 4. Lema ya nne ina mfano mdogo: vipeo u na v, kitanzi e kwenye u, na mshale f kutoka u kwenda v. Kutoka v hakuna mshale. Kila aljebra ina K₀ na K₁, makundi mawili ya kihisabati yanayosaidia kuitofautisha na nyingine. Mswada unadai K₀ ni Z, yaani namba kamili, na K₁ ni Z.

Hapo ndipo asubuhi ilipokwama.

Kukokotoa kwenyewe ni kwepesi. Andika matriki ya mishale, geuza safumlalo kuwa safuwima, toa 1 kwenye ulalo. K₀ ni kile kinachobaki Z² ikigawanywa kwa safuwima hizo, na K₁ ni vekta ambazo matriki inazipeleka kwenye 0. Lakini safuwima ya kipeo kisichotoa mshale haiingizwi, kwa sababu kanuni ya jumla haikihusu. Kwa hiyo inabaki safuwima moja ya u: (0, 1). K₀ ni Z, K₁ ni 0. Ukiingiza na ya v, yaani (0, −1), K₀ inabaki Z vilevile, ila K₁ inaruka na kuwa Z. Kosa la aina hii ni baya kwa sababu nusu ya jibu ni sahihi, na jicho linapita.

Ningeweza kuandika "safuwima imezidi" na kuendelea. Lakini geuza f itoke v kwenda u: sasa v inatoa mshale, safuwima zote mbili zinaingia kihalali, (0, 0) na (1, −1), na jibu ni lilelile, Z na Z. Hiyo si aljebra ya kwanza hata kidogo. Ni matriki 2×2 zenye vipengele kutoka kwenye funksheni za duara. Makosa mawili tofauti, jibu moja. Mwandishi anastahili kuambiwa ni lipi.

Saa 6 imepita, saa 7 pia. Ninahakiki kwa mkono. Weka S = e + f. S*S inatoa u + v, ambayo ni 1. SS* inatoa u peke yake, kwani ef* ni 0. Kinachopungua ni v. Hii ni aljebra ya Toeplitz, yenye S inayosogeza kila kitu hatua moja mbele na kuacha nafasi ya kwanza tupu, na K₁ yake ni 0. Ukurasa wa 9 wa mswada unaitumia SS* hii hii, kwa hiyo mwandishi alikusudia f itoke u. Kosa ni safuwima.

Alasiri ni grupoidi. Kwenye kundi la kihisabati unazidisha chochote kwa chochote. Kwenye grupoidi, pale tu mwisho wa kimoja unapokutana na mwanzo wa kingine. Kumjian, Pask, Raeburn na Renault waliijenga kutoka kwenye grafu mwaka 1997: kipengele ni (x, k, y), ambapo x na y ni njia mbili, yaani mishale inayofuatana, ambazo ukizikata vichwa zinafanana, na k ni tofauti ya urefu uliokatwa. (x, k, y) mara (y, l, z) ni (x, k + l, z).

Mswada unachukua njia zisizo na kikomo tu. Kwenye grafu yetu ipo moja: kuzunguka e milele. Lakini v, f, ef, eef na kuendelea, njia zinazoishia v, lazima ziwemo pia. Kila moja ni nukta iliyojitenga, na kwa pamoja zinakaribia ile ya kuzunguka milele. Ukiziacha, unabaki na funksheni za duara tu na v inapotea. Hili nimelieleza kwa aya tatu, macho yakiwa yamechoka kiasi cha kusoma u pale palipoandikwa v, hivyo kila alama naisoma kwa sauti.

Giza limeingia. Ripoti ina mistari 22: ondoa safuwima ya v, K₁ ni 0, ongeza njia zinazoishia v, taja mwelekeo wa mishale kwenye ukurasa wa kwanza. Nimefika ukurasa wa 14. Ukurasa wa 15 unaanza na kipeo kinachotoa mishale isiyo na kikomo, na safuwima yake nayo imeingizwa.