Koshien, Nyumbani kwa Bass

Treni kutoka Umeda, Osaka, hadi uwanja wa besiboli wa Koshien huchukua kama robo saa. Nilisafiri nimesimama, nimebanwa kati ya jezi za manjano na nyeusi kama niko ndani ya daladala la Mbagala jioni, ila humu hakuna aliyepaza sauti. Sauti zote walikuwa wamezitunzia uwanjani.

Jina la Koshien nililijua muda mrefu kabla ya safari hii. Dar es Salaam, pale Shule ya Sekondari Azania, tuna uwanja wa besiboli uliojengwa kwa msaada wa Japani, nao tunauita jina hilohilo. Hapo ndipo nilipoupenda mchezo huu, na hapo ndipo niliposikia habari za Randy Bass, mpigaji Mmarekani wa Hanshin Tigers, timu yenye makao Koshien.

Koshien yenyewe, iliyoko mji wa Nishinomiya, ni ya tangu 1924. Kuta zake za nje zimevikwa mimea itambaayo, na ndani udongo ni mweusi tii. Vijana wa sekondari wakitolewa kwenye mashindano yao hupiga magoti, wakauchota, wakaenda nao kwao. Nilipouona kwa macho yangu, koo lilinikauka.

Jirani yangu jukwaani alikuwa mzee aliyevaa jezi namba 44. Nikamwambia kwa Kijapani changu cha kuokotea kwa makocha: "Bass." Akanirekebisha kwa upole: "Baasu," akivuta ile a. Inasimuliwa kwamba klabu ilimwandika hivyo kwa sababu "basu" kwao ni basi, na kampuni ya Hanshin, yenye klabu hiyo, ina mabasi yake. Wangeamka siku moja wasome gazetini kwamba basi la Hanshin limeharibika!

Bass ni mtu wa Lawton, Oklahoma. Kwao, kati ya 1977 na 1982, alipitia timu tano za ligi kuu na kupiga homurani tisa tu, yaani mapigo ya kuutoa mpira nje ya uwanja. Ligi za chini aliwatesa warushaji. Akipandishwa, anaonjeshwa mechi chache kisha anarudishwa benchi. Mimi sikubali kwamba alikuwa dhaifu. Jicho la mpigaji hunolewa kwa kucheza kila siku, na siku hizo alikuja kuzipata kwa Hanshin Tigers kuanzia 1983.

Mzee alianza kuhesabu kwa vidole. Aprili 1985, papa hapa, dhidi ya Giants, mahasimu wao wa Tokyo: Bass akaupeleka mpira jukwaani, wakafuata wenzake, Kakefu kisha Okada, watatu mfululizo. Mwaka huo Bass alimaliza na homurani 54, wastani wa .350 (mapigo safi 35 kwa kila zamu 100 za kupiga), na Tigers wakatwaa ubingwa wa Japani kwa mara ya kwanza. Rekodi ya homurani kwa msimu ilikuwa 55, ya Sadaharu Oh, ambaye ndiye aliyekuwa kocha wa Giants. Mechi ya mwisho ilikuwa dhidi yao, na warushaji wao wakawa wanamtupia mipira ya mbali isiyopigika. Hilo linaniuma mpaka leo, na mimi hata sikuwa nimezaliwa. Mwaka uliofuata akafikisha wastani wa .389, ambao hakuna aliyewahi kuupita Japani.

"Tulikuwa tukiomba kwa Mungu, kwa Buddha na kwa Baasu," mzee akasema.

Mwaka 1988 mwanawe aliugua sana, Bass akarudi Marekani, na klabu ikaachana naye. Mzee hakutaka kukaa hapo. Alirukia 2023: Bass akaingizwa kwenye ukumbi wa heshima wa besiboli ya Japani, na Tigers wakatwaa tena ubingwa baada ya miaka 38, wakiongozwa na Okada yuleyule.

Usiku tulirudi pamoja hadi Dotonbori, kwenye daraja la Ebisu. Akanieleza ilivyokuwa Oktoba 1985, usiku mashabiki wa Tigers waliposherehekea. Umati ulikuwa ukiita jina la mchezaji mmoja mmoja, na shabiki anayefanana naye anaruka mtoni. Lilipoitwa la Bass, hakukuwa na Mzungu mwenye ndevu. Wakaibeba sanamu ya Kanali Sanders kutoka mgahawa wa KFC, wakaitupa. Iliopolewa 2009.

"Na wewe mzee ulikuwa wapi?"

Akanyoosha kidole chini, kwenye maji. "Waliniambia nafanana na Kakefu."