Jinsi Nilivyobaini Kundi la Wadanganyifu kwa Kufuata Makosa Yao

Nilikuwa nikisahihisha mtihani wa takwimu wa wanafunzi 180 wa mwaka wa kwanza nilipomkuta mmoja ambaye, katika swali la 31, alikuwa amechagua kwamba uwezekano wa tukio fulani ni 1.4. Kukosea hesabu ni jambo la kawaida, lakini uwezekano hauvuki 1, na hilo tulilimaliza wiki ya kwanza. Chaguo lile nililiweka kujazia nafasi tu. Nilipofika chini ya rundo, waliolichagua walikuwa saba, wote wenye toleo la pili la mtihani.

Matoleo yalikuwa mawili, yenye maswali yaleyale kwa mfuatano uleule, ila herufi za majibu zilikuwa zimechanganywa. Nikafungua toleo la kwanza: jibu sahihi la swali hilo lilikuwa C. Katika toleo la pili, C ndiyo iliyobeba ile 1.4.

Wasimamizi hawakuwa wameripoti chochote, na mpango wa viti ulionyesha kwamba saba hao walitawanyika ukumbi mzima. Ningemchunguza kila mmoja peke yake, ningeona mwanafunzi aliyebahatisha vibaya, basi. Kwa hiyo nililinganisha kila karatasi na kila nyingine, kazi inayodai tahadhari, kwa sababu wanafunzi 180 hutoa jozi 16,110, na ukiamua kuishuku kila jozi ambayo ufanano wake ungetokea kwa bahati mara moja tu katika elfu, utajikuta na jozi kama 16 za watu wasio na hatia kabla hujamgusa mdanganyifu hata mmoja. Majibu sahihi niliyaweka kando, kwa kuwa wawili waliosoma vizuri lazima wafanane, nikahesabu makosa ya pamoja peke yake.

Kisha nikachora: kila mwanafunzi nukta, kila jozi iliyofanana kupita kiasi mstari. Nukta nyingi zilibaki pweke. Zile saba zilifungamana karibu zote, na penye makosa yao herufi zilikuwa zilezile za majibu sahihi ya toleo la kwanza. Kando yake lilijitokeza fundo jingine, la wanafunzi wanne, na nakiri kwamba jioni ile niliwaandika wote kumi na mmoja katika orodha moja.

Usiku ule sikupata usingizi mzuri, na asubuhi nilirudi kwenye wale wanne. Wawili walikuwa na toleo la kwanza, wawili la pili, na herufi walizoweka hazikufanana kabisa. Kilichofanana ni jibu lenyewe, yaani namba ileile yenye kosa, tena katika maswali ya uwezekano wenye masharti tu, yaani uwezekano wa tukio moja ukishajua kwamba jingine limetokea. Anayepokea majibu kwa siri hupokea herufi, lakini waliosoma pamoja wakaelewa vibaya pamoja huifuata namba popote ilipohamishiwa. Niliyafuta majina yao.

Wale saba sikuwapeleka kwenye kamati ya nidhamu kwa mchoro peke yake. Niliomba daftari la kutoka ukumbini, nikaona kwamba kila mmoja wao alikwenda msalani katika nusu saa ya mwisho, wakipishana kwa dakika chache. Kamati iliwaita mmoja mmoja na kuwataka waeleze walivyolifikia jibu la swali la 31. Wa tatu ndiye aliyetaja simu iliyofichwa msalani. Aliyeandika herufi zile hatukumpata, kwani mwenye toleo la kwanza aliyenakili majibu sahihi haachi kosa la kumfuatia.

Wale wanne niliwaomba wanionyeshe walichosomea. Walileta muhtasari wa kurasa mbili ambamo kanuni ya uwezekano wenye masharti ilikuwa imegeuzwa, tukio linalotafutwa likakaa mahali pa lile linalojulikana limetokea. Muhtasari ule niliuandika mimi.