Kobe apanda mlima: kumbukumbu ya kuhama na Volkswagen ya 1970

Siku 12 kabla ya kuhama

Barua ya uhamisho imefika. Kabla sijawaza vitanda na vyombo, nimetoka nje kusimama mbele ya Kobe. Ni Volkswagen Beetle 1300 ya mwaka 1970: injini ya cc 1,285 iliyo nyuma, kabureta moja ya kuchanganya petroli na hewa, dainamo, breki za ngoma magurudumu yote manne. Nimeishi naye miaka kumi na mmoja, yote usawa wa bahari. Ninakokwenda ni juu, karibu mita 2,000, na kila anayepajua ananitajia kwanza ukungu wa asubuhi. Kobe hajawahi kuonja baridi.

Nimeanza na vipuri. Kila kitu kinaingia kwenye mfuko wake na karatasi ya maelezo: kimetoka wapi, upande gani, kizima au cha kutengeneza. Bolti ndogo nimezirudisha kwenye matundu yake badala ya kuzimwaga koponi. Kazi hii inachosha lakini sitaki kufika ugenini na sanduku la vyuma nisivyovijua.

Siku 3 kabla

Nimekwenda kumuaga Mzee wangu fundi. Ndiye aliyenifundisha kupanga pointi, vile vyuma vinavyokatiza umeme ili plagi itoe cheche, na ndiye anayemjua Kobe kwa sauti tu. Aliniacha niwashe, akasimama nyuma mikono mgongoni, akasikiliza kama dakika mbili bila kufungua boneti.

“Yuko sawa,” akasema. “Huko juu hewa ni nyepesi, mwanangu. Atakula mafuta mengi na atavuta kidogo. Usimlaumu, mpangie upya.”

Kisha akanipa fila geji yake, kile kipimo cha majani membamba ya chuma cha kupimia nafasi ndogo, ile ya miaka yote, majani yameliwa na vidole. Jani la milimita 0.15 limeng’aa kuliko mengine, maana ndilo la kupimia nafasi ya valvu. Nilishindwa kusema neno la maana. Nilisema asante mara tatu.

Siku ya 1

Kobe amepanda juu ya lori. Nilitamani kumwendesha mwenyewe, ila safari ndefu ya mlima kwa kabureta iliyopangwa pwani ni kutafuta shida. Mikanda nimesisitiza ifungwe kwenye magurudumu, isipite kwenye bampa wala kwenye bodi, ili springi zibaki huru kucheza. Ukifunga bodi na kuikandamiza chini, kila shimo la barabara linavuta mkanda, mkanda unalegea, na gari linaanza kutembea juu ya lori. Tangini nimeacha petroli robo, waya wa betri nimeuchomoa.

Siku ya 2

Amefika bila mkwaruzo. Niliposhuka kwenye lori kumwasha alikubali, lakini moshi ulikuwa mweusi na harufu ya petroli ikajaa uani. Mzee alisema kweli.

Siku ya 6

Jeti kuu, kile kitundu cha kabureta kinachopima petroli. Niandike hesabu yake vizuri kwa sababu nimeulizwa na wawili tayari.

Kwenye kimo hiki hewa ina uzito wa kama asilimia 80 ya ile ya pwani. Kabureta haijui hilo. Tundu la petroli ni lile lile, kwa hiyo mchanganyiko unakuwa mzito: petroli nyingi, hewa kidogo. Ndio moshi mweusi, ndio plagi zilizojaa masizi makavu. Kabureta hii ya Solex ilikuwa na jeti ya 125, yaani tundu la milimita 1.25. Nimeweka 120. Nilijaribu na 117.5 nikaona injini inagugumia nikikanyaga ghafla, nikarudi kwenye 120. Baada ya safari ya nusu saa plagi zimetoka na rangi ya kahawia hafifu, rangi ninayoipenda kuliko rangi yoyote ya bodi.

Cheche ya mwako nayo nimeiwahisha kwa digrii mbili, maana kwenye hewa nyepesi petroli inaungua polepole zaidi. Nguvu zilizopotea hazirudi kwa bisibisi lakini. Kiwandani alitoka na nguvu za farasi 40, na huku juu amebaki na kama 32. Mlima uliokuwa wa gia ya tatu sasa ni wa gia ya pili, na nimeukubali.

Kilichonituliza ni hiki: Beetle ya mwisho ya muundo huu wa zamani ilitoka kiwandani Puebla, Mexico, tarehe 30 Julai 2003, ikiwa ya 21,529,464. Puebla iko zaidi ya mita 2,100 juu ya bahari. Hewa nyepesi hii ndiyo hewa ya kwanza ambayo maelfu kwa maelfu ya ndugu zake Kobe waliivuta.

Siku ya 9

Amenizimikia. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukungu, njia ya kwenda kazini. Aliwaka vizuri, akatembea kama kilomita nne, kisha akaanza kukosa nguvu taratibu, kama mtu anayeshikwa na usingizi, mpaka akazima. Nikakaa pembeni dakika kumi nikikagua pointi na koili inayoikuzia plagi umeme. Cheche ipo, petroli ipo. Nikapiga stata, akawaka kana kwamba hapakuwa na neno. Kilomita tatu mbele, yale yale.

Siku ya 11

Nimempata mwizi, ni barafu.

Leo alipozima nilifungua boneti ya nyuma mara moja, bila kugusa waya. Bomba la manifoldi chini ya kabureta, linalopeleka mchanganyiko kwenye silinda, lilikuwa jeupe, limefunikwa na umande ulioganda, na nilipoweka kidole kilinata kidogo. Petroli inapogeuka mvuke kwenye koo la kabureta inanyang’anya joto kila kilicho karibu, na kama hewa ina unyevu mwingi, ule unyevu unaganda pale pale. Si lazima nje kuwe na barafu. Nyuzijoto nane za ukungu zinatosha kabisa. Barafu inaziba koo, injini inakosa hewa, inazima. Ukisubiri, joto la injini linapanda juu, barafu inayeyuka, na wewe unabaki kuilaumu koili.

Sasa, waliochora gari hili walilijua jambo hili tangu mwanzo, na waliweka kinga tatu. Nimezikagua zote jioni hii kwa tochi na nimekosa usingizi.

Ya kwanza ni bomba la joto. Linapita chini ya manifoldi, linachukua moshi wa moto wa ekzosi upande mmoja na kuutoa upande wa pili, ili manifoldi ipashwe. La Kobe ni baridi hata injini ikiwa ya moto.

Ya pili ni mpira unaoleta hewa ya uvuguvugu kutoka kwenye silinda hadi kwenye chujio la hewa. Kwangu haupo. Niliutoa mwenyewe mwaka wa pili wa kuwa naye, nikaona unajaza nafasi tu.

Ya tatu ni themostati. Chini ya silinda namba moja na mbili kunatakiwa kuwe na kifuko cha chuma chenye mikunjo, kikitanuka kwa joto kinasukuma fito iliyounganishwa na vibawa ndani ya kava la feni. Injini ikiwa baridi vibawa vinafunga, injini inapata joto haraka. Ikifika nyuzi 65 hadi 70 vinafunguka. Kobe hana themostati, hana fito, hana vibawa. Vilitolewa kabla sijamnunua. Pwani kila mtu anavitoa, na kila fundi atakuambia havina kazi. Kweli, kule havikuwa na kazi. Nilikuwa naendesha nusu ya gari miaka yote hiyo na nusu hiyo ilinitosha.

Siku ya 16

Injini iko chini. Bolti nne tu ndizo zinazoishikilia kwenye giaboksi, spana ya 17. Waya za dainamo na koili, mpira wa petroli, kebo ya mafuta, kisha unaishusha juu ya jeki polepole. Nilifanya peke yangu kwa mara ya kwanza, bila Mzee kuniambia “taratibu, taratibu”. Nilijiambia mwenyewe kwa sauti.

Bomba la joto lilikuwa limeziba masizi magumu kama mkaa. Nilichukua kipande cha kebo ya breki ya zamani, nikaifumua ncha ikawa kama brashi, nikaifunga kwenye drili. Saa tatu za kazi, napasha bomba kwa moto, nazungusha, napuliza. Mwanga ulipotokea upande wa pili niliita watu waliokuwa wanapita waje waone. Walikuja, na mmoja aliinama kabisa akachungulia.

Halafu nikafika kwenye sailensa, niliyoifunga mpya miaka mitatu iliyopita. Pale bomba la joto linapokaa pana kikalio chenye tundu. Upande mmoja una tundu. Upande wa pili ni bati zima, halijatobolewa, rangi ya kiwandani bado ipo. Yaani hata bomba lingekuwa safi, moshi haungepita. Nimekasirika, na hasira yangu ni ya haki: mtu aliifunga sailensa hii kwenye boksi akijua itauzwa. Nimetoboa mwenyewe. Anayefunga sailensa mpya na asome hapa: chungulia matundu yote mawili kabla ya kufunga.

Siku ya 23

Mwalimu mstaafu mwenye Peugeot 404 alisikia mlio wa Kobe siku ya nne niliyofika, akawa anautafuta tangu hapo. Leo amenifuata hadi mlangoni. Tumezungumza saa mbili tumesimama. Nilipomweleza habari ya themostati akaniangalia kwa mshangao.

“Bwana, huku hakuna aliyezitoa.”

Akanipeleka kwa rafiki yake mwenye Beetle iliyokufa giaboksi, imekaa chini ya paa miaka mingi. Themostati ipo, fito ipo, vibawa vipo vyote viwili na springi yake. Hata mpira wa hewa ya uvuguvugu, ingawa umepasuka. Sakafu yake nayo ni safi, haina kutu, na mimi kule pwani nimechomelea sakafu ya Kobe mara mbili. Kila mkoa umetunza sehemu yake ya gari hili.

Mwenyewe hakutaka fedha. Kwenye vipuri nilivyobeba kulikuwa na giaboksi nzima, ina karatasi yake: “nzima, ilitembea hadi siku ya kutolewa”. Tumebadilishana. Magari mawili yatatembea.

Nyumbani nimetumbukiza kile kifuko kwenye maji ya moto. Kikanyooka taratibu mbele ya macho yangu, chuma cha miaka zaidi ya hamsini. Nilirudia mara nne bila sababu yoyote ya kiufundi.

Siku ya 31

Mambo madogo, kwa haraka. Oili nimetoka SAE 40 nikaweka SAE 30 iliyo nyepesi zaidi, lita mbili na nusu, na stata inazunguka kwa wepesi asubuhi. Ukaguzi wa kuhamisha usajili umepita, isipokuwa mkaguzi alitaka namba ya chasisi, nayo imegongwa chini ya kiti cha nyuma, jirani na betri. Asidi na chumvi ya bahari vilikuwa vimeanza kuila. Nimeisafisha kwa brashi laini, nikaipaka grisi. Anayehama na gari la zamani aitazame namba hiyo kabla ya kuondoka, sio mbele ya mkaguzi.

Mafuta ya breki nimemwaga yote. Haya mafuta hunywa unyevu wa hewa, na hewa ya pwani ni unyevu mtupu. Mafuta mapya ya aina ya DOT 3 huchemka kwenye nyuzi 205, yaliyoshiba maji huchemka kwenye 140. Kule tambarare nisingejua tofauti. Huku kuna mteremko wa kilomita kumi na moja kati yangu na kazi, na pedali ikizama mteremkoni hakuna wa kumuuliza.

Siku ya 40

Saa kumi na moja na dakika arobaini, ukungu mzito. Vibawa vimefunga, nimeviona kwa tochi. Baada ya kilomita nne nilisimama pale pale alipozimika siku ya 9, nikafungua, nikaweka kiganja kwenye bomba la joto. Sikuweza kukiacha pale kwa moto wake. Manifoldi kavu. Nimesafiri hadi kazini bila kukohoa hata mara moja.

Siku ya 58

Nimempigia Mzee. Nilimshikamoo, nikamsimulia yote, kisha nikaiweka simu karibu na injini inayonguruma.

Alikaa kimya muda mrefu.

“Anaunguruma vizuri,” akasema. “Ila ametulia mno. Valvu umepima lini?”

Sikuwa nimepima tangu nishushe injini. Valvu yenye nafasi kubwa inagonga, inakupigia kelele uirekebishe. Iliyobana hainong’oni kitu, inaungua kimya kimya. Usiku huo nilimwacha Kobe apoe kabisa, na asubuhi nikafungua kava za valvu na fila geji yake mkononi. Namba moja, mbili na nne ziko sawa. Namba tatu, ya ekzosi, jani la 0.15 halikuingia. La 0.10 halikuingia. Limeingia la 0.05 tu.

Namba tatu ndiyo silinda inayopata joto kuliko zote kwenye injini hizi, maana kipoza oili kimesimama mbele ya hewa yake, na hewa yenyewe huku ni nyepesi. Nimeirudisha kwenye 0.15. Nimeandika kilomita za leo kwenye karatasi na kuibandika ndani ya boneti ya nyuma. Nitapima tena baada ya kilomita 500, na nikikuta imebana tena, hedi ya upande huo, kile kifuniko cha silinda chenye valvu, inashuka.