Siku moja maishani mwangu: sheria mwaka wa pili, Likoni hadi taun Mombasa

Saa 11 alfajiri. Nikishaswali nakaa na kesi moja tu, manake saa hii ndo nyumba imetulia. Wadogo zetu wa mwaka wa kwanza huuliza eti mnamalizaje orodha yote ile ya kesi, jibu ni kuwa hatumalizi, ile itakayojadiliwa darasani leo nasoma hukumu yenyewe mwanzo mpaka mwisho, zingine nachukua kilichoamuliwa na sababu yake, basi.

Leo ni Carlill na kampuni ya Carbolic Smoke Ball, kesi ya Uingereza iliyoripotiwa 1893. Kampuni ilitangaza gazetini itamlipa pauni 100 yeyote atakayetumia dawa yao vile walivyoelekeza na bado akapata homa ya mafua, na wakasema wameweka pauni 1,000 benki kuonyesha hawatanii. Mama Carlill akatumia, akaumwa, akadai chake. Na usione ni mambo ya wazungu wa kale, Sheria ya Mikataba yetu, Sura ya 23, yasema wazi sheria ya kawaida ya Uingereza (common law, ile itokayo kwenye hukumu za majaji) ndo inatumika kwa mikataba Kenya.

Saa 1 na nusu, feri. Wa miguu hatulipi ila jasho lakutoka, kusoma humo sahau.

Saa 2, leksha. Swali la kwanza: zile pauni 1,000 za benki zilikuwa na maana gani? Waliokuja na notisi za kurithi kwa waliotangulia kimyaa, kwa sababu zile notisi zina jina la kesi na jibu, hazina njia ya kufikia jibu.

Saa 7, viazi karai na ukwaju, halafu mazoezi ya muuti, yaani mashindano ya kesi za kuigiza. Hapa nitagombana na watu: chagua kitu kimoja nje ya darasa. Siasa za wanafunzi zamla mtu semista nzima, muuti angalau wakufunza kupanga hoja na kujibu jaji akikukatiza.

Saa 9, laibrari, asaimenti. Hukumu za korti zetu ziko bure kwenye tovuti ya Kenya Law, hakuna haja ya kununua fotokopi.

Saa 12 jioni nashuka mtaani, mzee jirani kanisubiri barazani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wakili wetu. Hebu nambie, shamba tulikubaliana kwa mdomo, mbele ya watu, tukapeana mikono, sasa mwenzangu yuwanigeuka."

Nikamwambia kifungu cha 3(3) cha ile Sheria ya Mikataba chataka mkataba wa ardhi uwe wa maandishi, utiwe sahihi na pande zote na shahidi ashuhudie sahihi hizo, ila kuna mlango wa amana pia, yaani korti kuona mtu ameshika shamba kwa niaba ya mwenzake, na mie si wakili bado mzee wangu, kamuone wakili kwanza usijemfuata huyo mtu na hasira. Akaguna, "Sasa mwasomea nini?"

Saa 3 usiku. Jinai itangoja mpaka Jumamosi, cati (mtihani mdogo wa katikati ya semista) ya mikataba ni Ijumaa.