Mikono Iliyoandaa Chakula Hiki

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Jumapili iliyopita tulikuwa na shukrani nyumbani kwetu, kijana wetu wa pili amepata kipaimara. Wengi wenu mlikuwepo na nawashukuru sana. Mchungaji alisimama pale chini ya turubai akaomba kama tunavyoomba siku zote: Bwana, kibariki chakula hiki, ibariki na mikono iliyokiandaa. Tukaitikia amina kwa sauti moja, foleni ikaanza, meza kuu ikatangulia.

Baadaye nikaingia jikoni kutafuta vijiti vya meno. Mikono iliyoandaa ilikuwa huko. Dada anayetusaidia kazi alikuwa ameketi juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa, sufuria kubwa la pilau amelibana kwa magoti, anakwangua ukoko kwa mwiko. Nyama hakuna, kachumbari hakuna. Aliponiona aliinuka haraka, akajifuta mdomo kwa kiganja, akaniuliza, "Mama, kuna kitu kimepungua huko nje?"

Nikamjibu hakuna. Nikachukua vijiti vyangu nikatoka.

Wapendwa, tangu siku ile sijalala vizuri. Huyu binti aliamka saa tisa usiku kumenya vitunguu na kuchambua mchele. Mimi nilivaa kitenge kipya, nikapongezwa na wageni kwa pilau ambalo sikuligusa, nami nikapokea pongezi zile. Hakuna mtu aliyemfukuza mezani. Ni kwamba hakuna aliyefikiri kwamba na yeye ana kiti, na wa kwanza kutofikiri nilikuwa mimi mwenye nyumba.

Jumanne usiku, usingizi ukiwa umekataa, nikawa nasoma habari za mwigizaji mmoja wa zamani wa Marekani, Hattie McDaniel. Alizaliwa mwaka 1893 huko Wichita, Kansas, mtoto wa mwisho katika familia ya watoto 13. Wazazi wake wote wawili walizaliwa utumwani. Mama yake alikuwa mwimbaji wa nyimbo za injili, na Hattie naye alianza na sauti kabla ya kuigiza. Uchumi ulipoanguka mwaka 1929 alijikuta Milwaukee akihudumia chooni katika klabu moja ya usiku, mpaka siku walipomruhusu kupanda jukwaani kuimba. Alipofika Los Angeles mwaka 1931, alifanya kazi za ndani kwenye nyumba za watu huku akitafuta nafasi kwenye filamu. Na nafasi walizompa kwenye filamu zilikuwa zipi? Mfanyakazi wa ndani. Anapika, anafua, anamfunga bibi mdogo gauni. Karibu maisha yake yote ya uigizaji alicheza mtu wa jikoni.

Mwaka 1939 ikatoka filamu ya Gone with the Wind, naye ndani yake ni Mammy, yaya wa nyumba ya tajiri. Filamu ilipozinduliwa Atlanta mwezi Desemba, yeye hakuweza kuhudhuria, kwa kuwa sheria za ubaguzi za Georgia zisingemruhusu kukaa na wenzake. Tarehe 29 Februari 1940 tuzo za Oscar zikatolewa katika hoteli moja ya Los Angeles ambayo haikuwa ikipokea watu weusi. Ilibidi mtayarishaji wa filamu aombe kwa hisani ili aruhusiwe kuingia mlangoni. Waigizaji wenzake wakakaa meza yao. Yeye, mwenye maua meupe ya gardenia kichwani, akawekewa meza ndogo pembeni, ukutani, yeye na aliyemsindikiza na wakala wake.

Usiku huo jina lake likaitwa. Mtu mweusi wa kwanza kupata Oscar. Ikabidi atembee kutoka ukutani, apite katikati ya meza zote zile, afike mbele. Akasema moyo wake umejaa mno hawezi kueleza anavyojisikia, akawashukuru, akawaambia Mungu awabariki. Kisha akarudi kwenye meza yake ya ukutani.

Nilisoma hapo nikaweka simu chini. Nikaona ndoo ya rangi.

Mtume Yakobo hakuandika barua yake kwa wenye hoteli. Aliwaandikia ndugu waliokusanyika kuabudu: mnamwambia mwenye pete ya dhahabu, "Keti wewe hapa mahali pazuri," na maskini mnamwambia, "Simama wewe pale." Kisha anauliza kama hatujawa waamuzi wenye mawazo mabovu. Sura ya pili tunaijua kwa kichwa, hasa ile ya imani bila matendo. Hii ya viti tunaipita mbio.

Basi na niseme nanyi, na mimi mwenyewe nikiwa wa kwanza kuambiwa. Jumapili sisi tunapoenda kanisani, nani anabaki kulinda nyumba na kubandika maharage? Tunavaa, tunabeba Biblia na kitabu cha nyimbo, tunamwachia mtoto mdogo, tunamwambia tukirudi tukute chakula tayari. Kuna binti amekaa na mwamini miaka miwili na hajakanyaga ibada hata mara nne, na huyo mwamini ni kiongozi wa jumuiya. Kikombe chake ni kile cha plastiki, kinatundikwa peke yake. Kitanda chake ni godoro la sebuleni, na hawezi kulitandika mpaka sisi tumalize tamthilia. Sahani ikivunjika tunamkata mshahara. Mshahara wa mwezi wa nane tunamlipa mwezi wa kumi, kwa vipande, huku ahadi yetu ya jengo tumeimaliza mapema na majina yetu yakasomwa madhabahuni. Yakobo huyohuyo, sura ya tano, anasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele, na kelele hizo zimeingia masikioni mwa Bwana wa majeshi. Tusidhani kwaya yetu inaweza kuzifunika.

Najua wapo watakaosema dada zao ni wakorofi, wengine wamewaibia. Sikatai. Lakini mwizi hasababishi wote walale njaa.

Hattie naye alilaumiwa na watu wa upande wake. Chama cha kutetea haki za watu weusi, NAACP, kilimsema kwamba kwa kukubali kucheza mayaya alikuwa anawaaibisha. Sitaingia katika hukumu hiyo, maana mtu aliyenyimwa milango yote tusimhesabie dhambi kupita ule uliofunguka. Ninachojua ni kwamba majirani weupe walipokwenda mahakamani kutaka yeye na weusi wenzake wahamishwe kwenye nyumba walizonunua kwa fedha zao, alisimama nao wakashinda, mwaka 1945.

Alifariki kwa saratani ya matiti Oktoba 1952. Alikuwa ameandika wosia: jeneza jeupe, sanda nyeupe, gardenia nyeupe kwenye nywele na mikononi, azikwe makaburi ya Hollywood pamoja na watu wa kazi yake. Makaburi yale yakamkataa kwa sababu ya rangi yake. Akazikwa makaburi mengine, Rosedale. Hata kaburini, mama huyu, wewe kaa pale. Mwaka 1999 ndipo mmiliki mpya akaweka mnara wa kumkumbuka pale alipotaka kulala. Na tuzo yenyewe, aliyoiachia Chuo Kikuu cha Howard, ilipotea, mpaka waandaaji wa Oscar walipotoa nyingine mwaka 2023.

Wapendwa, sasa fungueni Luka 12, mstari wa 37. Bwana akirudi na kuwakuta watumwa wake wakikesha, atajifunga, atawakaribisha chakulani, atakuja na kuwahudumia. Nimesoma mstari huu tangu shule ya Jumapili na wiki hii ndiyo nimeusikia. Bwana ndiye anayefunga kitambaa kiunoni! Bwana ndiye anayebeba bakuli, aliyezoea kuhudumu amekaa, anaulizwa kama ameshiba! Hiyo ndiyo karamu tunayoingojea. Tutaingiaje kwenye karamu hiyo, na tutamtazamaje usoni huyo Mhudumu mwenye makovu viganjani, ikiwa leo hatuwezi kuvuta kiti kimoja cha plastiki? Mpendwa, vuta kiti. Usingoje semina, usingoje kipindi cha akina mama kipange mada. Vuta kiti jioni ya leo, mpakulie nyama kabla hujajipakulia wewe.

Alhamisi nilijaribu. Nilimwita mezani akadhani amekosea jambo. Alikaa ukingoni mwa kiti, anakula harakaharaka, mtoto akiomba maji anainuka. Mara ya pili mume wangu akamwambia kaa mama, akaenda kuyaleta yeye.

Kabla ya kula nilikuwa nimemwomba atuombee. Akainamisha kichwa, akaanza polepole. Akamwombea mume wangu na presha yake. Akamwombea mama mkwe wangu mguu uliovunjika. Akaitaja mitihani ya watoto, mmoja mmoja, kwa masomo. Miezi 14 amekuwa akisikia maombi yetu ya jioni kutokea jikoni, akayashika yote. Halafu akasema, na mdogo wangu, Bwana, mponye kifafa chake, wasimwache tena karibu na moto.

Sikuwa najua kama ana mdogo wake mgonjwa. Nawaombeni mnisaidie kumbeba kijana huyo kwa maombi wiki hii. Dada atakuwepo ibada ya kwanza kesho, atakaa na sisi.