Msimlazimishe asimulie upya

Hapa kwetu ukienda msibani kuna swali moja hulikwepi, ilikuwaje? Mtu anaingia, anavua kandambili, anakaa mkekani, anamshika mfiwa mkono, kimya kidogo alafu, ilikuwaje mama? Na mfiwa anaanza mwanzo kabisa, asubuhi tuliamka vizuri, akanywa chai, wakati hata robo saa haijapita kamsimulia jirani, kabla ya hapo mawifi, na jioni wanakuja wa jumuiya nao watauliza. Watu wanaona ndo kujali kwenyewe, usipouliza utaonekana umefuata pilau. Kwa marehemu aliyeugua muda mrefu akaondoka kitandani pengine haina shida, wengine wanapata nafuu kabisa wakisimulia. Ila kuna mfiwa aliyekuwepo kwenye tukio, aliona kwa macho yake, huyo ni mwingine na ndo nataka tumuongelee leo.

Dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, alimpoteza mumewe kwenye ajali ya basi njia ya Moro na yeye alikuwa siti ya pembeni yake. Yeye alivunjika mkono tu. Kila mtu akasema mshukuru Mungu umebaki, na kweli alishukuru, ila arobaini ilipopita na watu wameshatawanyika vikaanza vitu ambavyo hakuna aliyevielewa. Simu ikiita usiku anaganda. Lori likipiga honi barabarani anachuchumaa hapo hapo mbele za watu. Moyo unamwenda mbio, vidole vinakufa ganzi, pumzi haitoshi, anasema nakufa jamani nakufa, tunaita bajaji tunakimbia hospitali, wanapima presha iko poa, wanapima moyo uko poa, anapewa dawa za tumbo anarudi. Mashangazi wakasema katupiwa kitu. Mchungaji akaja kumuombea, na sina ugomvi na maombi maana mpaka leo yanampa nguvu, ila honi ilikuwa bado inamuangusha.

Aliyembadilishia mambo ni nesi mmoja wa kitengo cha afya ya akili, mama wa makamo, mpole, haongei sana. Nilimsindikiza kwa hiyo nililiona mwenyewe. Cha kwanza alimuuliza unapenda ukae wapi, mlango tufunge au tuache wazi, huyu mdogo wako abaki au akatusubiri nje. Dada akachagua kiti kinachotazama mlango. Nesi akamwambia, sihitaji uniambie kilichotokea, siku ukitaka utaniambia, na hata ukianza ukaona unazidiwa nyosha mkono tunaacha, leo niambie tu usingizi ukoje. Yani dada alilia pale pale na wala hajaulizwa kitu cha ajali! Tangu msiba ndo ilikuwa mara ya kwanza mtu kamuuliza yeye anatakaje.

Akatuelezea kwa lugha ya kawaida tu. Mwili uliopita kwenye tukio la kutisha unakuwa kama mlinzi ambaye hajaambiwa zamu imeisha, kila mlio anauchukulia ndo wenyewe. Adrenalini, ile homoni ya hofu, ikimwagika moyo lazima ukimbie, na ukihema haraka haraka kabonidayoksaidi inashuka kwenye damu, ndo maana vidole na midomo inakufa ganzi na kichwa kinakuwa chepesi. Hicho kipindi cha hofu kinatisha sana ila chenyewe kinapanda alafu kinashuka. Kuujua huo utaratibu tu kulimpunguzia nusu ya hofu, maana alikuwa anaogopa ajali na anaogopa kuogopa. Akafundishwa kuvuta pumzi kwa pua taratibu na kuitoa taratibu zaidi, ile ya kutoa iwe ndefu kuliko ya kuvuta, na kukanyaga chini akahisi sakafu, na kutaja anavyoviona. Sasa kwenye daladala ukimuona anapiga midomo kimya kimya usidhani anasali, anasema konda, bomba, kofia ya kijani, ndizi, dirisha bovu.

Kuhusu kupanda gari kwenyewe, kaka yetu alitaka tumbebe kinguvu mpaka Moro na kurudi ili azoee. Nesi alikataa kabisa. Wakaanza na kusimama kituoni bila kupanda, baadae vituo viwili na mtu anayemuamini, siti anachagua yeye, akisema tushuke tunashuka bila maneno. Leo Kariakoo anaenda peke yake na kurudi na mizigo. Moro bado, na hakuna anayemuuliza lini.

Kitu kilichonifungua macho zaidi ni namna huzuni na wasiwasi vilivyokuwa vimeshikana. Kila akimkumbuka mumewe kinachotangulia ni picha ya ajali, kwa hiyo akawa anakwepa kumkumbuka kabisa, picha ya harusi kageuzia ukutani, jina halitaji, na sisi tukasema aah kajikaza, kapoa. Kumbe kulia alikuwa hajalia. Ile hofu ilipopungua ndo akaanza kumuongelea yule mtu alivyokuwa hai, Yanga wa kufa alivyokuwa anazima tivii wakifungwa, alivyokuwa anakaanga mayai kwa chumvi nyingi, na huko ndo machozi yakaja ya kweli. Shangazi akashtuka, mbona anarudi nyuma? Harudi nyuma, ndo kwanza anaanza msiba wake.

Na msimpangie muda. WHO, Shirika la Afya Duniani, kwenye orodha yao ya magonjwa, ile ya ICD-11 iliyoanza kutumika 2022, wameweka huzuni ya muda mrefu kama tatizo linalohitaji tiba, ikiwa imepita angalau miezi 6 na inamzuia mtu kuishi, tena wanasema wazi uangalie dini na mila za mtu kabla hujampa jina hilo. Mjane aliye edani miezi minne na siku kumi akiwa kimya ndani wala hajala vizuri siyo mgonjwa.

Watasema wataalamu tutawatoa wapi. Ni kweli ni wachache. Ila Zimbabwe daktari wa akili Dixon Chibanda alianza 2006 na mabibi wa mtaani Harare, wakafundishwa kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kusikiliza watu kwa utaratibu maalum, tatizo moja baada ya jingine, mwenye tatizo anachagua mwenyewe aanzie wapi. Walipopima, matokeo yakatoka 2016, watu 573, baada ya miezi 6 waliokaa na mabibi waliobaki na dalili za sonona ni kama asilimia 14, wale wa huduma ya kawaida asilimia 50. Mabibi hao! Na wazo limeshafika Zanzibar. Sisi mabibi tunao, tatizo wetu wanaanza kuongea kabla mtu hajamaliza sentensi.

Ah na jamani zile diazepamu za msibani, vidonge vya kutuliza. Kuna mtu kila ukoo anayo kwenye pochi, mpeni moja alale. WHO mwongozo wao wa 2013 wanasema wazi dawa za jamii hiyo zisitolewe kumtuliza mfiwa wa kawaida. Kulia siyo ugonjwa na hizo dawa zina utegemezi. Kukusanya watu na kuwalazimisha wasimulie tukio zima siku zile zile ili watoe sumu, hilo nalo walishakataza. Mpe maji, mpe uji, chaji simu yake, shika watoto, kaa.

Nguo za marehemu nazo. Wakwe walikuja kugawa mashati siku ya arobaini bila kumuuliza, moja alikuwa amelificha chini ya godoro likakutwa likaenda. Mila naijua na siipingi, ila kumuuliza mjane ungependa ubaki na lipi ni dakika moja tu.

Kwetu sasa kuna taratibu ndogo ndogo. Ukitaka kumpigia usiku unatanguliza meseji, hakuna baya nataka tu kuongea. Tarehe ya ajali ikikaribia anaulizwa wiki moja kabla anataka watu au anataka kukaa peke yake, mwaka jana alitaka watu wawili na chipsi mayai, basi. Na kwenye grupu la ukoo WhatsApp picha za ajali marufuku, maana picha za ile ajali yenyewe zilirushwa kabla hata ndugu hawajapigiwa simu, mkwewe mmoja kamuona mwanae humo. Baba mdogo alibisha eti anahabarisha, akatolewa. Amesharudishwa, sasa anatuma maua ya habari za asubuhi saa kumi na moja alfajiri kila siku, na tumevumilia.