Kupima mmomonyoko wa udongo kwa vipande vya nondo

Mwanafunzi anayetaka kuchunguza mmomonyoko hahitaji maabara. Vipande 20 vya nondo nyembamba, kila kimoja sentimita 50, rula ya chuma na daftari vinatosha. Kigongomee kila kipande wima kwenye mteremko uliofyekwa mimea hadi zibaki sentimita 10 juu ya ardhi, kisha pima sehemu iliyo wazi kila mwezi.

Wengi hukosea kwenye kupima kwenyewe. Maji yakigonga chuma huchimba kashimo kukizunguka, na rula ikiingia humo namba hudanganya. Weka rula kando kidogo, kushoto na kulia, uchukue wastani. Udongo wa mfinyanzi huvimba ukilowa, basi subiri ukauke. Tenga pia eneo lenye nyasi kwenye mteremko uleule, la sivyo huwezi kusema chanzo ni kufyekwa kwa mimea.

Milimita 1 ya udongo uliopotea inaonekana ndogo mno, lakini kwenye hekta 1 ni mita za ujazo 10: takriban tani 13 za udongo wa juu, ule wenye rutuba! Nondo ikionekana fupi kuliko mwanzo, usifute namba hiyo. Udongo wa juu ya mteremko umetua hapo.